Kusoma Mteremko

Mpima uoto anayeijua kazi yake huanzia juu. Hata kama gari limemshusha bondeni, penye njia na kisima, atabeba vifaa vyake hadi kwenye mawe ya kilele, apate pumzi kidogo, ndipo aanze kushuka. Anayemtazama kwa mbali anaweza kudhani anajichosha bure, maana mimea ipo hata pale alipoteremkia. Lakini yeye anafuata maji. Mvua ikishanyesha, maji hutoka juu kwenda chini yakiwa yamebeba chembe za mfinyanzi, chumvi na mabaki ya majani, kwa hiyo kila atakachokikuta bondeni kimepewa au kimenyimwa kitu na kilicho juu yake. Akianzia katikati ataona matokeo bila kuona chanzo.

Nauheshimu sana ustadi huu wa kusoma mteremko, na sijui mahali panapoudhihirisha vizuri kuliko nchi ya mawimbi mapana iliyoko kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Shinyanga, yaani Usukuma, hadi Unyamwezi. Mlima mrefu kama Kilimanjaro husomeka kwa urahisi: ukipanda, baridi inazidi, na mimea inabadilika pamoja na baridi. Usukumani hakuna msaada huo. Kutoka kileleni hadi bondeni kimo hupungua kwa makumi ya mita tu, na mtu mwenye miguu mizima huumaliza mteremko kabla jua halijawa kali. Mvua ya juu ndiyo mvua ya chini. Mwamba ulio chini ya vyote, mara nyingi, ni itale ileile. Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi utapita jamii nne au tano za mimea zisizofanana, kila moja na miti yake, nyasi zake na wadudu wake. Nani aliyezipanga? Kazi nzima ya mpimaji inalizunguka swali hilo.

Tumfuate anaposhuka.

Kwenye mawe yenyewe hakai sana. Maji hukimbia, udongo ni wa kujaza viganja tu, na anayeishi hapo ni yule anayeweza kupenyeza mizizi kwenye ufa, kama mitini-mwitu ambayo mbegu zake huletwa na ndege na pimbi. Anaandika majina machache na kuendelea.

Chini ya mawe huanza udongo wa kichanga, wa kahawia au mwekundu, unaopitisha maji upesi. Mvua za miaka isiyohesabika zimekwisha kuusuuza, rutuba yake ni haba. Mtu angetazamia vichaka dhaifu. Badala yake anakuta miombo: mtundu na ndugu zake wa jamii ya Brachystegia, na katikati yao mninga, mti ambao kila seremala wa nchi hii anaujua. Siri ya miombo iko chini ya ardhi. Ncha za mizizi yake zimevishwa kuvu, na nyuzi za kuvu hizo hutambaa kwenye udongo zikitafuta fosforasi ambayo mzizi peke yake usingeifikia. Mti hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Masika yakifika, kuvu hizo huzaa uyoga, na wanawake wanaouza uyoga kando ya barabara za Tabora wanauza mazao ya ushirikiano huo. Ndiyo maana mpimaji mzuri huandika uyoga katika daftari lake hata kama ameagizwa kuhesabu miti. Anajua kwamba mtundu hauwezi kuhamia mahali ukiwa peke yake, lazima mwenziwe wa ardhini awe ametangulia au wafike pamoja.

Hapa pia hupiga magoti. Kwenye nyasi kuna chipukizi la mninga lenye urefu wa kiganja, na anayepita haraka atasema ni mche wa mwaka huu. Huenda si hivyo. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi, au huunguzwa na moto, kisha huchipua tena mvua zikija, na hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka huku ukinenepesha mzizi wake chini. Mzizi ukishakuwa na akiba ya kutosha, chipukizi hukimbia juu kwa msimu mmoja hadi lipite kimo cha moto. Kwa hiyo msitu wa miombo ni misitu miwili kwa wakati mmoja, ule unaoonekana na ule unaosubiri. Mpimaji anayehesabu vigogo tu amepata nusu ya msitu. Anayechimba kidogo kwa ncha ya panga, akauona mzizi mnene chini ya majani matatu, ameupata wote.

Kisha husimama na kutazama mbegu zilivyosafiri. Ganda la mtundu hukauka juani mpaka lipasuke kwa kishindo na kurusha mbegu mita chache kutoka kwa mama. Tunda la mninga lina bawa la duara linalobebwa na upepo. Maganda ya migunga mingi huliwa na mbuzi, ng'ombe na swala, na mbegu hutua mbali ndani ya mbolea. Tofauti hii ndogo ina matokeo makubwa: mgunga unaweza kufika kwenye shamba lililoachwa katika msimu wa kwanza, ilhali miombo husogea kwa hatua za mita. Unapokuta migunga mahali ambapo udongo unasema pangekuwa na miombo, usiwe mwepesi wa kuulaumu udongo. Uliza kwanza nani aliwahi kulima hapa, na ng'ombe wa nani walipita.

Akishuka zaidi, mpimaji hufikia mstari ambao macho yasiyozoea hayauoni. Maji yaliyozama juu kwenye kichanga yamesafiri chini kwa chini hadi yakakuta tabaka zito, nayo sasa yanajitokeza. Miombo hukoma, kwa sababu mizizi yake haivumilii kukaa majini. Nyasi hushika nafasi. Baada yake kuna ardhi ya kijivu, ngumu, yenye tabaka linaloganda karibu na uso na chumvichumvi ya magadi iliyokusanyika. Wasukuma huiita itogolo. Ng'ombe huipenda kwa ajili ya kulamba, mimea michache tu ndiyo huiweza. Na mwisho wa mteremko ni mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi, mnene, uliojaa kalsiamu na vitu vyote vilivyosuuzwa kutoka juu. Ni udongo tajiri kuliko wote mteremkoni na ndio mkali kuliko wote. Masika huvimba na kuwa tope linalonasa miguu ya mnyama. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono huingia hadi kwenye kiwiko, na nyufa hizo hukata mizizi. Mti unaohitaji mizizi mipana ya kudumu hauna maisha hapo. Huishi nyasi, na mgunga mmoja mfupi wenye vinundu vyeusi ambavyo hulia mluzi upepo ukivuma. Nitaurudia mgunga huu, maana una habari nyingi.

Sasa mikono. Kifaa cha kwanza cha kazi hii ni kekee ndefu ya kutobolea udongo. Huzungushwa, hutolewa, na kila kinachotoka hupangwa juu ya turubai kwa mfuatano wake, cha juu mwanzo, cha chini mwisho. Mpimaji huchukua donge, hulilowesha, hulibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoke utepe. Utepe ukikatika mara moja, ni kichanga. Ukirefuka bila kukatika, ni mfinyanzi mzito. Kisha hulinganisha rangi na kitabu cha vipande vya rangi cha Munsell, wala si kwa ajili ya uzuri. Wekundu maana yake chuma kilichomo kimekutana na hewa, maji hupita na kuondoka. Ukijivu wenye madoa ya kutu maana yake maji hukaa hapo sehemu ya mwaka na kuifukuza hewa. Kwa rangi peke yake mtu aliyefika mwezi wa nane, ardhi ikiwa kavu kabisa, anajua mahali palipokuwa na maji mwezi wa tatu.

Kwa miti anapima unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kimo ambacho wapimaji wa nchi nyingi wamekubaliana ili hesabu zao zilinganishwe. Mti asioutambua kwa jani huuchanja kidogo. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu, na baada ya hapo hakuna ubishi. Majani anayafikicha na kuyanusa. Kinachobaki bila jina hukatwa tawi lenye ua au tunda, hulazwa kati ya karatasi za magazeti, hubanwa kwa mbao na kamba, na magazeti hubadilishwa mpaka jani likauke bila kuoza. Jioni, mwili ukiwa umechoka, ndipo huandikwa lebo: mahali, kimo, udongo, mimea jirani, rangi ya ua kabla haijapauka. Nimeona vielelezo vya zamani ambavyo jani limebaki kipande tu lakini lebo ni kamili, na vingine ambavyo jani ni zuri ajabu na lebo imeandikwa jina la wilaya basi. Vya kwanza ni hazina. Vya pili ni majani makavu.

Ukusanyaji huo wa mimea ya Afrika Mashariki una nyumba zake. Hifadhi iliyoanzia Amani, Usambara ya Mashariki, katika taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutoka sehemu kwa sehemu mwaka 1952 na kikakamilika mwaka 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini kwa kitabu kimoja! Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leonard Mwasumbi alitunza vielelezo kwa uangalifu hata mwaka 2009 wanabotania walipobainisha jenasi mpya ya mti kutoka msitu wa tambarare wa Tanzania, waliipa jina lake: Mwasumbia. Sidhani kuna heshima iliyo safi zaidi kwa mtu wa kazi hii.

Amani ndipo alipofanyia kazi Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo, ambaye mwaka 1935 alitoa wazo ambalo hadi leo hufundishwa katika kila darasa la udongo duniani. Shida yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Alitakiwa achore ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, na udongo ulikuwa unabadilika kila baada ya hatua mia chache. Ramani ya kipimo kile isingeweza kuonyesha vipande vidogo namna hiyo. Mtu mwingine angechagua udongo mmoja uliotawala na kuusahau mwingine. Milne aligundua kwamba mabadiliko yenyewe yanajirudia: kilima kwa kilima, bonde kwa bonde, mfuatano ni uleule. Kwa hiyo aliuchora mfuatano mzima kama kitu kimoja, akauita katena, na ramani yake ya awali ikatoka mwaka 1936. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu kubwa za Tanganyika akichimba na kuandika. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Ninachokipenda kwa Milne ni kwamba hakuilazimisha nchi ifuate ramani. Lakini haki itendeke: mfuatano huo ulikuwa na majina kabla yake. Mkulima wa Kisukuma alikuwa na luseni kwa kichanga cha juu, kikungu kwa udongo mwekundu, itogolo kwa ule mgumu wa kijivu, ibushi kwa ule wenye chokaa, na mbuga kwa mweusi wa bondeni. Wataalamu walioandika kuhusu Usukuma waliyachukua majina hayo na kuyatumia katika vitabu vyao, kwa sababu hawakupata yaliyo bora zaidi. Na mkulima hakuishia kwenye majina. Karanga na muhogo alivipanda juu palipo na kichanga, mpunga akauweka chini kwenye majaluba yanayozuia maji, mifugo akaipeleka kulamba chumvi. Aliusoma mteremko kwa jembe. Mpimaji wa leo mwenye adabu, akimkuta mchungaji mtu mzima njiani, humwamkia, "Shikamoo babu," na baada ya habari za nyumbani na za mifugo huuliza pale panaitwaje na ng'ombe hupendelea wapi mwezi huu. Jibu la dakika tano linaweza kumwokolea mashimo kumi ya kekee.

Wakati wa Milne, Shinyanga kulikuwa na mwanabotania aitwaye Bernard Dearman Burtt, aliyeajiriwa na idara ya kupambana na mbung'o. Mbung'o hawakai popote tu. Spishi moja hupenda miombo, nyingine vichaka vya migunga, nyingine kivuli kizito cha mito. Kwa hiyo aliyetaka kujua nzi walipo alipaswa kwanza kujua uoto, na Burtt aliujua kwa kiwango cha kushangaza. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wa idara, Charles Swynnerton, na maelezo yake ya jamii za mimea za Afrika Mashariki yakachapishwa mwaka 1942 kutokana na maandishi aliyoyaacha. Mmea wa kichaka cha Itigi, Burttia prunoides, una jina lake. Sina budi kusema pia kwamba elimu ileile ilitumika kuamua misitu ipi ifyekwe ili nzi wakose makazi, na maeneo makubwa ya Usukuma yalifyekwa. Kujua vizuri hakumzuii mtu kuharibu.

Tuje kwenye swali gumu. Jamii hizi za mteremkoni, je, ni kitu kimoja chenye mipaka, au ni mkusanyiko wa mimea ambayo kila mmoja umekuja kwa sababu zake? Wataalamu wa Marekani walibishana sana juu ya hili. Frederic Clements aliiona jamii ya mimea kuwa na umoja kama kiumbe hai kinachozaliwa na kukomaa. Henry Gleason alisema, katika makala yake ya mwaka 1926, kwamba kila spishi hufuata mahitaji yake na bahati ya mbegu zake. Robert Whittaker alipopima miti kwenye milima ya Great Smoky mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuta spishi zinapanda na kupungua kila moja kwa mwendo wake, haziachi mahali pamoja kwa pamoja. Gleason alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Mteremko wa Usukuma unaongeza kitu kwenye mjadala huo. Juu, ndani ya kichanga, mambo ni kama Whittaker alivyoyakuta: mtundu unapungua taratibu, mwingine unaongezeka, huwezi kuonyesha kwa kidole mahali msitu mmoja ulipoishia. Lakini ukifika pale maji yanapojitokeza, au ukingoni mwa mbuga, spishi nyingi hukoma kwa pamoja katika hatua chache, kwa sababu udongo wenyewe umegeuka ghafla. Ustadi wa mpimaji ni kutojichorea mpaka mapema. Huvuta futi yake ya kamba kutoka juu hadi chini, huhesabu kila baada ya umbali uleule hata pale ambapo macho yanamwambia hakuna jipya, na mipaka huiacha ijitokeze kwenye hesabu. Ni kazi ya kuchosha. Kishawishi cha kuruka vituo viwili vinavyofanana ni kikubwa, na ni hapohapo, kati ya vituo viwili vinavyofanana, ambapo mara nyingi kichuguu kimoja hubadili kila kitu. Mchwa wamepandisha mfinyanzi na virutubisho kutoka chini, wameinua kisiwa kisichofikiwa na mafuriko, na juu yake umeota mkwaju na vichaka ambavyo havipatikani kwingine katika mteremko ule.

Nilisema nitaurudia mgunga wa vinundu. Kaskazini zaidi, kwenye mfinyanzi mweusi wa Laikipia nchini Kenya, watafiti wakiwamo Truman Young, Maureen Stanton na Todd Palmer wameuchunguza kwa miaka mingi. Vinundu vyake ni nyumba za sisimizi, na majani yake hutoa utamu wa kuwalisha. Sisimizi hulipa kwa kuwauma tembo na twiga wanaokuja kula. Kuna spishi nne za sisimizi zinazogombea miti hiyo, na kwa kawaida mti mmoja huwa na spishi moja tu. Zile zenye nguvu huwapora wanyonge. Mnyonge mmoja hukata machipukizi ya pembeni ili tawi la mti wake lisigusane na la jirani na kuwa daraja la adui. Mwingine huharibu vitoa-utamu vya mti, ili mti usiwe na kitu cha kutamaniwa. Kwa hiyo penye udongo mmoja na mti mmoja, ambapo mtu angedhani hakuna la kupanga, bado kuna mpangilio.

Mwaka 1995 watafiti wa huko walianza kuzungushia viwanja uzio wa kuzuia wanyama wakubwa. Mtu angetegemea migunga inawiri. Baada ya miaka kumi, miti isiyoliwa ilikuwa imepunguza vinundu na utamu, maana hakukuwa tena na haja ya walinzi. Sisimizi walinzi wakapungua, wakachukua nafasi wale wanaoishi kwenye matundu ya mabuu wa mbawakawa wanaotoboa shina. Miti ikawa inakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyoliwa na tembo. Na mwaka 2024 Douglas Kamaru na wenzake walionyesha kwamba sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, walioingia Laikipia na kuwaua sisimizi wenyeji, wameiacha migunga bila ulinzi, tembo wameiangusha, simba wamekosa pa kujificha na sasa wanakamata pundamilia wachache katika maeneo hayo, wakigeukia nyati. Tembo, sisimizi, mti na simba, wote kwenye mfinyanzi mmoja wa bondeni. Aliyehesabu miti peke yake asingeuona mnyororo huo.

Wanyama nao husoma mteremko. Desmond Vesey-FitzGerald aliandika mwaka 1960 jinsi wanyama wa bonde la Rukwa wanavyofuatana malishoni, wakubwa wakitangulia kukanyaga na kufupisha nyasi ndefu, wadogo wakifuata. Richard Bell aliona mpangilio kama huo Serengeti: mvua zikiwapo wanyama hukaa juu penye nyasi fupi, kiangazi kikikaza hushuka. Pundamilia hutangulia kwenye majani marefu na magumu, nyamera na nyumbu hufuata, swala tomi huja mwisho kuchuma machipukizi yaliyofunguliwa. Kila mmoja humwandalia mwenziwe meza.

Kwa kuangalia jamii inavyojengwa upya, hakuna shule iliyo nzuri kuliko ngitili. Ni utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza, na kulifungulia kiangazi nyasi zikiwa haba. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliufufua utaratibu huo katika mkoa uliokuwa umekaribia kuwa uwanda mtupu, na hadi mradi ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Iliota kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai, na kutoka kwenye mbegu zilizoletwa na mifugo, ndege na upepo. Ndiyo maana ngitili mbili zinazopakana, juu ya udongo uleule, zinaweza kutofautiana kabisa: moja ilikatwa miti tu na visiki vikabaki, nyingine ililimwa kwa miaka mingi hadi visiki vikang'olewa. Ya kwanza hurudisha miombo. Ya pili hupata kile kinachoweza kufika kutoka nje. Mpimaji huuliza historia ya shamba kwa uzito uleule anaoupima nao udongo.

Nimekaa sana na habari hizi kwa sababu ninaona kazi hii inapewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Picha za setilaiti zimeleta msaada mkubwa. Huonyesha nchi nzima kwa siku moja na sina ugomvi nazo. Lakini haziuoni mzizi wa mninga unaosubiri chini ya majani matatu, wala hazitofautishi itogolo na shamba lililochoka. Ndiyo sababu kampeni za kupanda miti bado hupeleka miche mbugani, kwenye mfinyanzi unaopasuka, ikafa kiangazi cha kwanza. Mbuga ya nyasi si msitu uliopungukiwa. Ni jamii kamili.

Kwa hiyo wewe unayesimamia miche katika wilaya au kijiji chako, kabla ya kugawa hata mmoja, tenga asubuhi moja. Mchukue mzee anayeyajua majina ya udongo, mchukue kijana mwenye kekee na daftari, mpande hadi kwenye mawe na mshuke pamoja hadi mbugani. Hesabuni visiki vilivyo hai. Penye visiki vingi msipande kitu, fungeni malisho na msubiri. Penye nyasi za mbuga, ziacheni nyasi.